Monokloni, polikloni na asili ya kikloni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: mwanafunzi aliyekutana na neno hili kwenye mhadhara, mgonjwa aliyeshika majibu ya maabara, na mtu aliyesoma habari za dawa mpya. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Maana ya msingi

1. "Asili ya kikloni" maana yake nini hasa?

Ni kusema kwamba kundi la seli au viumbe limetokana na mzazi mmoja kwa njia ya kujigawa au kuchipua tu, pasipo mbegu ya kiume kukutana na yai. Seli moja inagawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, na ikifika mara ya 20 tayari zimezidi milioni moja. Milioni yote hiyo ni kloni moja, kwa sababu ukifuata ukoo wake kurudi nyuma utaishia kwenye seli ileile.

Shika hili kabla hujaendelea: neno linajibu swali la "zimetoka wapi". Halijibu "zikoje", na wala halijibu "zina madhara gani". Karibu kila mkanganyiko utakaoukuta huko chini umetokana na mtu kulitwisha neno hili mzigo wa hayo maswali mawili mengine.

2. Neno lenyewe lilianzia wapi?

Lilianzia shambani, wala si maabara ya damu. Mwaka 1903 Herbert Webber, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alitafuta jina fupi la mimea inayozalishwa kwa vipandikizi, viazi au machipukizi badala ya mbegu. Akachukua neno la Kigiriki lenye maana ya kitawi, kile unachokikata na kukichomeka ardhini kikaota. Baadaye watu wa vijidudu wakalichukua, kisha watu wa seli, na mwisho waandishi wa hadithi za kubuni, ambao ndio walioliharibia sifa.

3. Monokloni, polikloni na oligokloni zinatofautianaje?

Kwa idadi ya waasisi. Monokloni: kundi zima lina mwasisi mmoja. Polikloni: waasisi ni wengi, hata maelfu. Oligokloni: ni wachache wanaohesabika.

Fikiria kijiji. Kama wakazi wote ni uzao wa babu mmoja, hicho ni monokloni. Kama kila nyumba ina ukoo wake, ni polikloni. Kama koo tatu zimekijaza kijiji na wengine ni wapita njia, ni oligokloni. Mfano huu una kasoro moja, kwamba watu huoana na kuchanganya damu ilhali seli za kloni hazioani, ila kwa kuanzia unatosha.

4. Kama ni kloni moja, seli zote zinafanana kabisa?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote. Kila seli inapojigawa hunakili DNA yenye herufi takriban bilioni sita, na hakuna mwandishi anayenakili herufi bilioni sita bila kukosea hata moja. Makosa mengi hurekebishwa palepale, machache hubaki na kurithiwa. Kloni iliyoishi muda mrefu huwa na matawi, na kila tawi huwa na makosa yake.

Mwaka 1976 Peter Nowell aliligeuza wazo hili kuwa maelezo ya saratani: uvimbe huanza na seli moja, kisha vizazi vyake hubadilika, hushindana, na vile vyenye nguvu hutawala. Ndiyo maana dawa inaweza kuua asilimia kubwa ya uvimbe, halafu tawi moja lililokuwa na kinga dhidi yake likajaza nafasi iliyoachwa.

5. Na kinyume chake? Seli zinazofanana lazima ziwe kloni moja?

Nayo hapana. Kosa lilelile la jeni linaweza kutokea mara mbili katika seli mbili zisizo na undugu wa karibu, hata katika watu wawili wasiojuana. Ushahidi wa kloni unapata nguvu pale alama inapokuwa ya nadra kiasi kwamba kujirudia kwa bahati haiwezekani, au pale alama nyingi zinapoambatana.

6. Kwa Kiswahili niandikeje?

Mimi huandika "kloni" katika ngeli ya N: kloni hii, kloni hizi. Kwa sifa naona "seli monokloni" inatosha bila kuongeza "za". "Ya kikloni" ni nzuri unapozungumzia asili au ukoo. Usitumie "nakala" kama mbadala wa kila mahali. Nakala inabeba wazo la kufanana, na tumeshaona kwenye swali la 4 kwamba hapo ndipo neno linapotelezea.

## Maabara na majibu ya vipimo

7. Mtu anajuaje kwamba seli zilitoka kwa moja, wakati hakuwepo zilipoanza?

Anatafuta alama ambayo kila seli huipata mapema na kuirithisha bila kuibadilisha. Ya kwanza iliyotumika kwa ustadi ilitoka kwa wanawake. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na Mary Lyon alieleza mwaka 1961 kwamba kila seli huzima mojawapo mapema, tangu kiinitete, na uzao wake wote huendelea kuzima ileile. Tishu ya kawaida kwa hiyo ni mchanganyiko. Sasa mchukue mwanamke aliyerithi aina mbili tofauti za kimeng'enya cha G6PD, moja kwenye kila X. Kipande cha misuli ya kizazi chake kitaonyesha aina zote mbili. Mwaka 1965 Linder na Gartler walipima uvimbe wa fibroidi za wanawake wa namna hiyo, na kila fibroidi ikaonyesha aina moja tu. Kila moja ilikuwa na mwasisi wake mmoja.

Kwa seli B za kinga kuna alama kali zaidi. Kila seli B hukata na kuunganisha upya vipande vya jeni za kingamwili (protini za kinga zinazomshika adui) kwa namna yake, kazi iliyompa Susumu Tonegawa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuigundua. Mkato huo ni kama alama ya kidole. Isitoshe, kila seli B huchagua aina moja tu ya mnyororo mwepesi wa kingamwili yake, kapa au lamda. Tezi iliyovimba kwa sababu ya maambukizi huwa na zote mbili. Tezi ambayo karibu seli B zote ni za kapa, au zote za lamda, inamfanya mtaalamu aliyeko kwenye hadubini akae sawa kwenye kiti.

8. Majibu yangu yanasema nina "protini ya monokloni". Ni saratani?

Si lazima, na mara nyingi si saratani. Ngoja tuangalie kile alichokiona mtu wa maabara.

Tone la majimaji ya damu huwekwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme. Protini hukimbia kwa mwendo tofauti na kujipanga. Mwanzoni kuna mlima mrefu mwembamba, hiyo ni albumini. Mwishoni, eneo la gama, ndipo zinapokaa kingamwili, na kwa kawaida hapo pana kilima kipana kilicholala, kwa kuwa ni mchanganyiko wa kingamwili za kloni maelfu, kila moja ikiwa imesimama mahali pake. Ukiwa na maambukizi, kilima kinanyanyuka lakini kinabaki kipana: ni polikloni. Kloni moja ikiongezeka kupita wenzake, protini yake yote husimama sehemu moja, na juu ya kilima huchomoza mwiba. Huo mwiba ndio protini ya monokloni.

Mwiba huo unaweza kutoka kwenye mieloma, ambayo ni saratani ya seli za plazma. Lakini takriban asilimia 3 ya watu waliozidi miaka 50 wana mwiba mdogo bila ugonjwa wowote, hali inayofahamika kwa kifupi chake MGUS. Kati yao, takriban mmoja katika mia kwa mwaka ndiye huendelea kuwa na mieloma au ugonjwa wa jamii yake. Kwa hiyo daktari hutazama ukubwa wa mwiba, hali ya figo, kalsiamu, wingi wa damu na mifupa, na wakati mwingine uboho. Wengi huambiwa tu warudi kupimwa kila baada ya muda. Usiache kurudi, wala usijipe hukumu kwa neno moja la kwenye karatasi.

9. Kwa hiyo monokloni ni mbaya na polikloni ni salama?

Ingekuwa rahisi hivyo, watu wa patholojia wangekuwa wamekosa kazi. Fibroidi za kwenye swali la 7 ni monokloni, na si saratani. Watu waliopita miaka 70, zaidi ya mmoja katika kumi ana kloni ya seli za damu yenye kosa la jeni lililoenea kiasi cha kupimika, na wengi wao hawatapata lukemia kamwe, ingawa hatari yao ya lukemia na ya magonjwa ya moyo ni kubwa kuliko ya wengine. Hata utando unaoziba mishipa ya damu ulishaonyeshwa mwaka 1973 kuwa na sehemu zenye tabia ya monokloni.

Upande wa pili, mgonjwa aliyepandikizwa kiungo na anayetumia dawa za kushusha kinga anaweza kupata ongezeko la seli B linalochochewa na virusi vya Epstein-Barr. Mwanzoni linaweza kuwa polikloni, na bado likawa la hatari.

10. Kipimo cha jeni kilisema monokloni, kikarudiwa kikasema polikloni. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Kama kipande cha nyama kilichokatwa ni kidogo sana, seli B zilizomo zinaweza kuwa chache mno. PCR, mbinu ya kunakili DNA inayotumika kwenye kipimo hiki, inazidisha kile ilichokikuta, na ikikuta seli nne itatoa vilele vinne vya kujidai, kana kwamba ni kloni kubwa. Ukirudia na sampuli nyingine ya palepale, vilele vinahama. Ndiyo maana kipimo hiki hufanywa mara mbili sambamba, na kilele kinachoaminika ni kile kinachotokea mahali palepale kote kuwili.

Jibu la kloni lisilosomwa pamoja na sura ya tishu na hali ya mgonjwa ni nusu ya jibu. Hilo ningeliandika kwa wino mwekundu.

11. Je, saratani zote zina asili ya seli moja?

Nyingi zilizochunguzwa, ndiyo. Lakini kuna kesi iliyochapishwa mwaka 1996 ambayo mimi hupenda kuwatolea wanaojibu harakaharaka. Mwanamume mmoja alizaliwa na seli za aina mbili mwilini, nyingine zikiwa na kromosomu Y na nyingine zikiwa hazina. Bahati mbaya alikuwa pia na ugonjwa wa kurithi unaojaza utumbo mpana vivimbe vidogo. Kama kila kivimbe kingetokana na seli moja, kingekuwa na Y au kisiwe nayo. Vingi vilikuwa na seli za aina zote mbili. Vivimbe hivyo havikuwa saratani bado, ila kesi hiyo inaonyesha kwamba njia ya kwenda huko haianzi daima na mguu mmoja.

## Kingamwili na dawa

12. Kingamwili monokloni ni nini, na hutengenezwaje?

Ni kingamwili zote za aina moja, zinazoshika sehemu ileile moja ya antijeni (kitu kinachotambuliwa na kinga), kwa kuwa zimetolewa na uzao wa seli moja. Mwaka 1957 Frank Macfarlane Burnet alikuwa ameshapendekeza kwamba kila seli ya kinga hubeba kipokezi cha aina moja, na kwamba adui anapoingia humchagua yule anayemfaa, naye huzaliana. Tatizo lilikuwa kwamba seli hiyo ikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache.

Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge mwaka 1975, waliunganisha seli B ya panya na seli ya mieloma. Ya kwanza inajua kutengeneza kingamwili, ya pili haijui kufa. Mseto wake unafanya yote mawili. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, kwa ajili ya waliopandikizwa figo. Baadaye zikaja rituximab mwaka 1997 na trastuzumab mwaka 1998. Ile "mab" ya mwishoni ilikuwa kitambulisho chao. Tangu 2021 majina mapya hupewa miishio mingine, kwa kuwa "mab" zilizidi.

13. Basi monokloni ni bora kuliko polikloni?

Inategemea kazi. Kipimo cha ujauzito kinahitaji kutambua homoni moja bila kuchanganya na ndugu zake, hapo monokloni ndiyo yenyewe. Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa protini nyingi, na dawa yake ya jadi ya hospitali ni kingamwili polikloni kutoka kwa farasi, jeshi la kushambulia kila upande. Pia virusi vikibadilisha ile sehemu moja inayoshikwa na monokloni, dawa inabaki mikono mitupu. Polikloni ina akiba, lakini kila kundi jipya la uzalishaji hutofautiana kidogo na lililopita.

14. Kiwanda kinathibitishaje kwamba seli zake zilitoka kwa moja?

Njia ya zamani ni kuzimua. Chukua kisahani chenye vishimo 96, uzimue seli mpaka wastani uwe nusu seli kwa kishimo. Kwa hesabu ya Poisson, ile ya vitu vinavyoangukia mahali kwa bahati tu, vishimo kama 58 vitakuwa vitupu, 29 vitakuwa na seli moja, na karibu 9 vitakuwa na mbili au zaidi. Vikiota vyote, utaona vishimo 38 vyenye uhai, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Uwezekano kwamba ulichokichagua kilianza na seli moja ni kama asilimia 77. Rudia zoezi na uzao wake, unafika karibu asilimia 95. Siku hizi kishimo hupigwa picha siku ileile ya kwanza, na seli yenyewe huonekana ikiwa peke yake.

Angalia kinachothibitishwa hapo: asili. Kama seli za leo bado zinafanana baada ya miezi ya kukuzwa ni swali jingine lenye vipimo vyake, na jibu la swali la 4 linaeleza kwa nini.

## Mimea, wanyama na mipaka ya neno

15. Mimea ya kikloni inaweza kuwa mikubwa kiasi gani?

Huko Utah, Marekani, kuna Pando, kilichoonekana kama msitu wa miti aina ya aspeni hadi ilipobainika kuwa ni mmea mmoja: mashina yapata 47,000 kwenye hekta 43, yote yakitoka kwenye mfumo mmoja wa mizizi.

Ndizi ndizo somo la upande mchungu. Gros Michel, iliyotawala biashara ya ndizi ya kimataifa, ilizalishwa kwa machipukizi, hivyo udhaifu wa mgomba mmoja ulikuwa udhaifu wa yote. Ugonjwa wa Panama, unaosababishwa na kuvu wa udongoni, uliiondoa kwenye biashara hiyo kufikia miaka ya 1960. Nafasi yake ikachukuliwa na Cavendish, nayo kloni, ambayo sasa inaandamwa na aina nyingine ya kuvu huyohuyo.

16. Kondoo Dolly alikuwa kloni kamili?

Karibu kamili. Alizaliwa Scotland tarehe 5 Julai 1996, kiini chake kikitoka kwenye seli ya kiwele cha kondoo mwenye miaka sita, baada ya mayai 277 kujaribiwa. Lakini yai lililopokea kiini hicho lilitoka kwa kondoo mwingine, na DNA ya mitokondria yake, yaani ile ndogo inayokaa nje ya kiini, ilikuwa ya huyo mwenye yai.

17. Mapacha wa kufanana?

Ndiyo, kila mmoja kwa mwenzake. Kwa wazazi wao, hapana.

18. Saratani inaweza kuwa kloni katika wanyama wengi kwa pamoja?

Inaweza. Mbwa wana uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa wakati wa kupandana, na kinachoambukiza si virusi bali seli zenyewe za saratani. Ukipima uvimbe huo kwa mbwa wa bara hili na la lile, jeni zake zinafanana zaidi na za uvimbe wa mwenzake kuliko na za mbwa aliyeubeba. Mwasisi ni mnyama mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita. Wanyama wanaoitwa shetani wa Tasmania nao wana uvimbe wa uso wa namna hiyo, uliogunduliwa mwaka 1996. Ni kundi monokloni lililomwacha mwenye mwili na kuendelea na safari.

19. Kama seli zangu zote zilitoka kwenye yai moja lililorutubishwa, mimi mzima si monokloni?

Ukihesabu kuanzia yai, ndiyo. Swali hili huulizwa kwa utani, lakini linagusa mahali penyewe. Kloni daima huhesabiwa kuanzia hatua fulani, na hatua hiyo huamuliwa na alama unayoipima. Ukitumia X iliyozimwa, unahesabu kuanzia kiinitete. Ukitumia mkato wa jeni za kingamwili, unahesabu kuanzia siku seli B ilipokomaa. Ukitumia kosa lililotokea mwaka jana, mwasisi wako ana umri wa mwaka mmoja. Kwa hiyo ukikuta mtu ameandika "seli hizi ni monokloni" na kuishia hapo, muulize: kwa alama ipi?